Haldeman hakuishia kunyoosha migongo

Nimesoma makala inayodai eti wanaotibu kwa kunyoosha uti wa mgongo hawajawahi kujali utafiti. Hapo mwandishi amekosea kabisa. Scott Haldeman, aliyekulia Afrika Kusini, alihitimu kairopraktiki, yaani tiba hiyo ya kunyoosha uti wa mgongo, chuo cha Palmer, Marekani, mwaka 1964, akaongeza shahada ya uzamivu na udaktari wa hospitali, akabobea kwenye mishipa ya fahamu. Mwaka 2008 akaanzisha World Spine Care, shirika la hisani la kutibu migongo, lililopeleka kliniki hadi Shoshong, Botswana. Kijijini! Mama yangu amelima kwa jembe la mkono maisha yake yote; asubuhi hushika ukuta kwanza ndipo asimame, na zahanati humpa vidonge vya maumivu tu. Nyie wenzangu, kwenu vijijini kuna mtaalamu wa mgongo hata mmoja?