Santuri ya Morogoro Jazz ilistahili kupigwa

Jambo hili limenikaa kooni siku nne sasa, bora niliandike.

Jumamosi iliyopita tulikutana kama kawaida, wapenzi wa jazi tusiozidi kumi, sebuleni kwa mmoja wetu huku Ilazo, Dodoma. Mnaohudhuria mnajua utaratibu: kila mtu anakuja na santuri mbili, anaeleza kwa nini kazileta, tunasikiliza upande mzima bila kuongea, kisha ndipo midomo inafunguliwa. Tulianza na Wamarekani, Miles Davis kisha John Coltrane, chai ikazunguka, karanga zikazunguka. Zamu ikamfikia dada mmoja mgeni, mwalimu, aliyekuja na bajaji kutoka Nkuhungu. Akafungua mkoba, akatoa kitu kilichofungwa kwenye kanga, akakifungua taratibu mapajani. Santuri ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika, haina hata kava. Morogoro Jazz Band.

"Ya marehemu baba," akasema. "Alikuwa mtu wa reli. Nyumbani hatuna tena mashine ya kuipigia."

Mwenyeji wetu akaipokea, akaiinamisha kwenye mwanga wa taa, akamrudishia. "Samahani dada yangu, hapa tunasikiliza jazi. Hiyo ni dansi. Halafu kwa vumbi hilo itaniulia sindano." Kuna mtu akacheka. Dada akaifunga tena ile kanga, akakaa nasi mpaka mwisho, akashukuru kwa chai, akaondoka. Hakuna aliyemtetea, na mimi nilikuwepo.

Nianze na la sindano, maana hapo mwenyeji ana haki yake. Mashine ni yake, sindano nzuri ni ghali na kuipata mpaka uagize. Na vumbi la Dodoma tunalijua. Kipindi hiki cha kipupwe, hewa ikiwa kavu hivi, ukiitoa santuri kwenye mfuko wake unasikia vinywele vya mkono vinasimama, na kabla hujaifikisha kwenye mashine imeshavuta kila chembe iliyomo chumbani. Mchanga ukikaa kwenye mifereji, sindano inakwangua. Sawa. Lakini santuri chafu huoshwa. Angeweza kusema, "Dada, tuachie tuisafishe, wiki ijayo tuipige." Maneno hayo yangemgharimu nini?

Kinachonichoma ni lile la kwanza. Hiyo si jazi.

Ndugu zangu, tuulizane. Wazee wetu walipoziita bendi zao Dar es Salaam Jazz, Western Jazz, Tabora Jazz, Kilwa Jazz, Atomic Jazz ya Tanga, Jamhuri Jazz, Nuta Jazz, mnadhani walikosea jina? Walikuwa na saksafoni, tarumbeta, magitaa na besi. Walivaa suti wakapiga muziki wa mjini, muziki wa watu waliotoka vijijini wakakutana wageni kwa wageni kwenye kumbi za starehe. Neno walilichukua kwa sababu lilibeba kitu walichokuwa wanakitafuta.

Nakubali, ukiiweka santuri ya dada kando ya zile za Wamarekani hazifanani. Mbaraka Mwinshehe, mpiga gitaa wa Morogoro Jazz, hapigi kama Wes Montgomery, mpiga gitaa wa jazi wa Marekani. Morogoro Jazz hawakuwa wanacheza mtindo wa New York, walikuwa wanacheza rumba. Lakini hebu tuifuate hiyo rumba ilikotoka. Ilifika huku ikiwa ndani ya santuri. Kuanzia miaka ya 1930 kampuni ya HMV ilitoa mfululizo uliojulikana kama GV, sahani nzito za mizunguko 78 zenye muziki wa Cuba, zikasambaa Afrika nzima. Vijana wa pwani na bara wakazisikiliza mpaka zikalika. Hapo Morogoro, safari ya saa chache kutoka hapa, Salum Abdallah akaunda bendi na kuiita Cuban Marimba, jina linalosema kila kitu.

Sasa vuka bahari. Mwaka 1947 Dizzy Gillespie, mpiga tarumbeta wa jazi wa Marekani, alimchukua mpiga ngoma kutoka Cuba, Chano Pozo, akamweka katikati ya bendi yake, na jazi haikurudi tena ilivyokuwa. Kwa hiyo Gillespie kachota Cuba, Salum Abdallah kachota Cuba, na hao Wacuba wenyewe ngoma zao zilivuka bahari kutoka Afrika na watu waliopelekwa utumwani. Kisima ni kimoja. Aliyechota kwa ndoo na aliyechota kwa kibuyu hawana sababu ya kuulizana maji ya nani ni halali.

Na hilo bado si kubwa. Kubwa ni kwamba hao tunaowaabudu walikuwa wanatutazama sisi.

Mwenyeji wetu anayo santuri ya mpiga piano wa Marekani, Herbie Hancock, ya mwaka 1971 iitwayo Mwandishi, aliipiga kikao cha mwezi uliopita kwa fahari kubwa. Tukasoma majina pale kwenye kava: Hancock anajiita Mwandishi, Buster Williams ni Mchezaji, Billy Hart ni Jabali, Eddie Henderson, ambaye alikuwa daktari kweli, ni Mganga, Bennie Maupin ni Mwile, Julian Priester ni Pepo Mtoto. Watu wazima, mafundi wa kiwango kile, wanaomba jina kwenye lugha yetu. Sebule nzima ilitabasamu. Kiswahili cha Marekani tulikipokea kwa makofi. Kiswahili cha Morogoro, kilichoimbwa na wenye lugha yao, tukakirudisha kwenye kanga.

Kuna nyingine ambayo ningependa kila mpenzi wa jazi wa nchi hii aisikilize mara moja maishani. Novemba 1960, mpiga piano Randy Weston aliingia studio huko New York akiwa na bendi kubwa iliyopangiwa muziki na Melba Liston, wakarekodi Uhuru Afrika. Maneno aliyaandika mshairi Langston Hughes. Weston alitaka yasikike katika lugha ya Kiafrika, na lugha aliyoichagua ni Kiswahili. Aliyeyatamka ni Mtanganyika mwenzetu, Tuntemeke Sanga, yule yule tuliyekuja kumjua baadaye kwenye siasa. Tanganyika ilikuwa bado mwaka mmoja na kidogo ipate uhuru wake. Afrika Kusini ya makaburu iliipiga marufuku santuri hiyo. Mara ya kwanza nilipoisikia sauti ile ikitoka kwenye spika zangu, kwa Kiswahili kile kilichonyooka, nilisimama katikati ya chumba nikashindwa kukaa. Nilimwita mke wangu kutoka jikoni. Alisikiliza mikono ikiwa na unga, akasema, "Kumbe tulikuwepo."

Tulikuwepo. Halafu leo sisi wenyewe ndio tunakaa mlangoni kuulizana vyeti.

Kuna hili jingine la matoleo, nalo nitalisema kwa ufupi tu. Jumamosi ile ile tulitumia karibu nusu saa kubishana kama toleo la kwanza la Kind of Blue, santuri ya Miles Davis, linapita haya yaliyochapwa upya. Wadau, nyimbo tatu za upande wa kwanza wa toleo hilo zilikuwa zinakwenda kasi kidogo kuliko zilivyopigwa, kwa sababu mashine iliyorekodi ilikuwa na kasoro. Ilisahihishwa mwaka 1992. Zaidi ya miaka thelathini dunia iliipenda santuri yenye dosari, na ilikuwa sahihi kuipenda. Dosari ile tunaisimulia kama hadithi tamu. Mkwaruzo wa santuri ya mtu wa reli unakuwa uchafu.

Jumatatu nilimtafuta yule dada, nikaomba aniazime. Akaniletea mwenyewe. Nimeiosha mara mbili kwa maji safi ya kuongezea betri, si asidi, yenye matone mawili ya sabuni ya vyombo, nikifuta kwa kitambaa laini kufuata mifereji, nikikwepa lebo isilowe. Kitambaa kilitoka na wekundu wa udongo wetu. Vumbi lilipoondoka kwenye lebo, yakajitokeza maandishi ya kalamu ya wino, jina la baba yake na chini yake "Dodoma 1971". Mwaka mmoja kabla, Mbaraka na Morogoro Jazz walikuwa wametoka Osaka, Japani, walikoiwakilisha nchi kwenye maonyesho ya dunia. Nikawaza, huyu mfanyakazi wa reli labda alilipia santuri hii kwa sehemu ya mshahara iliyoonekana nyumbani, na bado akaona inafaa kuandika jina lake juu yake.

Tundu lake la katikati ni kubwa, halishiki kwenye mashine yangu, nikachonga kipande cha mbao kwa kisu mpaka kikakaa. Sindano ikashuka. Kwanza mchakacho ule kama mvua ya kwanza kwenye bati. Kisha gitaa. Jamani, lile gitaa. Linaingia peke yake, linazunguka mara mbili kama mtu anayetafuta mlango, na linapoupata bendi nzima inaingia nalo. Saksafoni zinajibu kwa pamoja, zimepinda kidogo, na humo kwenye kupinda ndimo mlimo na watu. Kuna mahali imeruka, inarudia neno moja mara tatu kabla ya kusonga mbele. Niliipiga mara sita usiku ule. Baada yake nikaweka A Love Supreme ya Coltrane, iliyorekodiwa 9 Desemba 1964, siku ambayo huku tulikuwa tunatimiza miaka mitatu ya uhuru. Hazikugombana. Moja ilinifungulia sikio la kuisikiliza nyingine, hasa besi, ambayo sijawahi kuisikia ikitembea hivyo.

Mwenyeji wetu wa Ilazo ni mtu ninayemheshimu, amenifundisha mengi, na nimempigia simu kumweleza haya kabla ya kuyaandika. Hakukubali yote. Kasema atakuja.

Kikao kijacho ni kwangu, Kisasa. Santuri ya kwanza itakuwa ya Morogoro Jazz, pande zote mbili, na ya pili Uhuru Afrika. Dada nimemwambia. Akauliza kama anaweza kuja na mama yake, maana yeye ndiye anayeyajua maneno ya ule wimbo, na hajausikia tangu mashine ya mzee ilipouzwa.