Nani aliyekiua Chuo Kikuu cha Northampton?

Mwaka 1261 Mfalme Henry III wa Uingereza aliwaruhusu walimu na wanafunzi waliokimbia vurugu za Cambridge wahamie Northampton. Tarehe 1 Februari 1265, waraka uliotoka kwa jina lake huyohuyo ukakipiga marufuku chuo hicho.

Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba mfalme alilipiza kisasi. Aprili 1264, katika vita vyake na makabaila walioasi wakiongozwa na Simon de Montfort, jeshi lake liliushambulia mji, na wanafunzi wakaupigania kwa pinde na manati. Mwandishi mmoja wa historia, aliyeandika miongo kadhaa baadaye, anasema waliwaumiza askari kuliko watetezi wengine wote. Mji ulipotekwa mfalme akaapa kuwanyonga; washauri wakamtuliza, maana baadhi walikuwa watoto wa wakubwa waliomuunga mkono. Na wengi wao walitoka Oxford, ambako yeye mwenyewe alikuwa amewaondoa muda mfupi kabla ili akusanye jeshi lake pale!

Kisa ni kitamu, lakini tarehe zinakiangusha. Mei 1264 Henry alishindwa na Montfort katika vita vya Lewes. Waraka wa Februari ulipotoka alikuwa mateka wa Montfort, serikali ikiwa mikononi mwa makabaila. Kwa nini Montfort awaadhibu vijana waliompigania? Waraka wenyewe unataja sababu nyingine: chuo cha Northampton kingeidhuru Oxford, na maaskofu wameliona hilo. Mimi naiamini sababu hiyo. Chuo kikuu cha wakati ule hakikuwa na majengo ya kukifunga mahali. Walimu walipanga vyumba, na wakigombana na wenyeji walifunga virago, wakaondoka na wanafunzi pamoja na kodi na biashara ya mji. Cambridge yenyewe ilianza hivyo mwaka 1209, kwa watu waliotoka Oxford.

Hata hivyo, hasira ya mfalme siifuti kabisa. Agosti 1265 Montfort aliuawa katika vita vya Evesham, Henry akarudi madarakani, na chuo hakukifufua. Ila miaka ya 1330, walimu wa Oxford walipohamia mji wa Stamford, hapakuwa na uasi wowote wa kulipiziwa, na bado Mfalme Edward III akawatawanya kwa ombi la Oxford. Hadi mwaka 1827 aliyetunukiwa shahada ya uzamili Oxford alitakiwa kuapa kwamba hatafundisha Stamford.