Picha za Mahmoud Saïd mnadani: faida ya nani?

Mwaka 2010 picha mbili za mchoraji mmoja wa Misri ziliuzwa na kampuni ya mnada ya Christie's mjini Dubai kwa bei zilizolishtua soko la sanaa ya kisasa ya Kiarabu. Aprili iliuzwa "Les Chadoufs" ya mwaka 1934, inayoonyesha wakulima wakichota maji kwa shadufu, yaani mti mrefu wenye ndoo upande mmoja na uzito upande wa pili. Ilifika dola milioni 2.4, zaidi ya mara kumi ya bei iliyokisiwa na kampuni yenyewe. Oktoba ikafuata picha ya mwaka 1929 ya madarwishi wakizunguka, iliyopita dola milioni 2.5. Mchoraji wake, Mahmoud Saïd wa Alexandria, alikuwa amefariki tangu 1964. Maisha yake mengi aliyapitisha mahakamani akiwa hakimu, na ni mwaka 1947 tu alipojiuzulu ili apake rangi bila kuibia muda.

Wapo wanaoiona minada hii kama uporaji uliovalishwa heshima, na hoja yao haipuuziki. Picha zote mbili zilitoka kwa Mohammed Said Farsi, aliyewahi kuwa meya wa Jeddah na aliyesomea Alexandria. Mkusanyo wake wa sanaa ya Misri ulikuwa chini ya mkono mmoja. Ulipopelekwa mnadani ukatawanyika. Mnunuzi halazimiki kujitambulisha hadharani, wala kumfungulia mlango mwanafunzi wa Kairo anayetaka kuona jinsi Saïd alivyoupaka mwanga kwenye mgongo wa mkulima. Kwa bei ya mamilioni, makumbusho ya umma ya Misri hayana ubavu wa kushindana.

Halafu kuna bei yenyewe. Rekodi ya mnada huhitaji matajiri wawili tu wasiotaka kushindwa siku hiyo, na bei inayotangazwa huwa tayari imejumuisha kamisheni anayotozwa mnunuzi. Kuichukua namba hiyo kama kipimo cha thamani ya mchoraji ni kujidanganya. Bei ikipanda, waghushi nao huamka.

Hata hivyo, nashindwa kuungana na wanaosema picha hizi zingekuwa salama zaidi mikononi mwa serikali. Agosti ya mwaka huohuo wa 2010, kati ya minada hiyo miwili, picha ya maua ya mchoraji Mholanzi Van Gogh iliibwa mchana kweupe katika Makumbusho ya Mohamed Mahmoud Khalil jijini Kairo. Ving'ora vilikuwa havifanyi kazi, na kati ya kamera 43, zilizokuwa nzima ni 7 tu. Baghdad iliumia zaidi: Aprili 2003, baada ya Marekani kuivamia Iraki, jumba la taifa la sanaa ya kisasa liliporwa maelfu ya kazi. Mchongaji Mohammed Ghani Hikmat na wenzake ndio waliozunguka wakizitafuta na kuzinunua tena baadhi yake, kana kwamba taifa halikuwa na mwenyewe.

Mnada umefanya jambo jingine ambalo wakosoaji hulipita haraka. Ili kuuza kwa bei hiyo, lazima muuzaji aeleze picha ilitoka wapi, ilipita kwa nani, ilionyeshwa lini. Orodha kamili ya kazi za Saïd, juzuu zilizochapishwa kwa jina la Valérie Didier Hess na Hussam Rashwan, imeandaliwa kwa mchango wa watu waliokulia katika soko hili. Nani mwingine angegharamia kuzifuatilia picha moja moja katika nyumba za watu? Pesa ilivuta utafiti, na utafiti ndio silaha ya kwanza dhidi ya picha bandia.

Kwa hiyo ugomvi wangu hauko kwenye nyundo ya dalali. Uko kwenye kinachotokea baada ya kugongwa. Sultan Sooud Al Qassemi wa Sharjah, aliyeanzisha Barjeel Art Foundation mwaka 2010, hununua kama tajiri yeyote, lakini picha zake huonyeshwa Sharjah na huazimwa nje; mwaka 2020 nyingi zilikuwa New York katika maonyesho ya sanaa dhahania ya Kiarabu, ile isiyochora vitu kama vinavyoonekana. Doha nako makumbusho ya Mathaf yalifunguliwa mwishoni mwa 2010 yakiwa na mkusanyo ulioanzia kwa mtu binafsi, Sheikh Hassan bin Mohammed Al Thani. Hata Farsi, alipokuwa meya, alijaza barabara za Jeddah sanamu za wasanii mashuhuri wa Ulaya, Henry Moore na Miró, ambazo mpita njia huziona bila tiketi.

Ningependa Misri ianzie hapo. Ijulishwe mapema picha ya aina hii inapoelekea mnadani, ipewe nafasi ya kuinunua kwanza, na ikishindwa bei, impe mnunuzi nafuu ya kodi kwa sharti kwamba kila baada ya miaka michache ataiazimisha kwa makumbusho ya Saïd, ambayo yamo ndani ya nyumba aliyoishi mwenyewe Alexandria.