Msimbo wa kuazima una mtu nyuma yake

Kuna ubishi wa siku nyingi kati ya madevelopa ambao nadhani unaendeshwa vibaya. Wengine wanasema ukitengeneza programu chukua maktaba, yaani vipande vya msimbo vilivyoandikwa na wenzako, kwa nini upoteze muda na kitu ambacho kipo tayari. Wengine wanasema kila unachoazima ni mzigo, andika mwenyewe ujue ndani kuna nini. Mimi naona wote wana hoja, ila wanabishana kuhusu msimbo tu wakati nusu ya tatizo ni watu wanaouandika.

Wanaosema andika mwenyewe huwa wanaanza na left-pad, na kwa kweli hapo wana haki. Ilikuwa pakeji ya JavaScript ya mistari 11 tu, kazi yake kuongeza nafasi au sifuri upande wa kushoto wa maneno mpaka yafike urefu unaoutaka, yaani kitu ambacho mtu aliyeanza juzi kujifunza anaweza kukiandika. Machi 2016 aliyeiandika akakosana na npm, ambako pakeji za JavaScript ndo zinahifadhiwa, kisa jina la pakeji yake nyingine ambalo kampuni fulani ilikuwa inalitaka, akaondoa kazi zake zote na left-pad ikaenda nazo. Kumbe Babel, zana ya kugeuza msimbo wa JavaScript, ilikuwa inaitegemea, tena sio moja kwa moja, ni pakeji inayotegemea pakeji inayotegemea pakeji, na Babel nayo inatumiwa na miradi isiyohesabika, ikiwemo React, maktaba ya kujengea kurasa za wavuti. Watu dunia nzima wakaona kazi zao zinagoma bila wao kugusa chochote, mpaka npm wakairudisha wenyewe baada ya saa mbili hivi. Kitu cha mistari 11! Kwa vitu vya namna hiyo sina mjadala, iandike, weka kwenye mradi wako, endelea na kazi.

Ila ukishasema hivyo kuna watu wanavuka mpaka wanataka waandike kila kitu, hadi usimbaji fiche, yaani kuficha data isisomeke na wengine, na hapo mimi nawaacha. Angalia kilichotokea Debian, moja ya aina za Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta. Mwaka 2006 mtunzaji wa OpenSSL, maktaba ya usimbaji fiche, upande wa Debian alikuwa anapambana na zana ya kukagua kumbukumbu ya kompyuta iliyokuwa inalalamikia mistari fulani ya msimbo, akaiondoa ili malalamiko yaishe. Mstari mmoja kati ya hiyo ndo ulikuwa unaingiza ile hali ya kutotabirika ambayo funguo za siri zinaitegemea, na ulipotoka, kitu pekee kilichobaki kinabadilika ni namba ya mchakato, ile ambayo kompyuta inaipa programu ikiwa inaendeshwa, na kwenye Linux kwa kawaida ilikuwa haizidi 32,768. Kwa hiyo funguo ambazo zilitakiwa ziwe nyingi kupita hesabu ya binadamu zikabaki elfu thelathini na kitu kwa kila aina, mdukuzi anazitengeneza zote anajaribu mmoja mmoja. Ilikaa hivyo mpaka Mei 2008, na programu muda wote inafanya kazi vizuri tu, hakuna kilichozima, hakuna aliyeona kosa. Aliyefanya hivyo hakuwa mzembe, ni mtu anayeijua kazi. Sasa we unayetaka kuandika yako kuanzia sifuri, nani atakwambia umekosea?

Kwa hiyo tuazime vitu vigumu. Sawa. Ila OpenSSL yenyewe ambayo tunaambiwa tuiazime, Aprili 2014 ikapatikana na tundu la usalama lililoitwa Heartbleed. Ukiielewa inasikitisha jinsi ilivyo ndogo: kompyuta moja inamwambia mwenzake nakutumia neno hili lina urefu wa baiti 64,000, nirudishie kama lilivyo, halafu inatuma baiti chache tu. Seva haikuhakiki urefu, ikawa inarudisha lile neno pamoja na chochote kilichokuwa jirani kwenye kumbukumbu, manenosiri, funguo, chochote. Kosa lilikuwa limekaa kwenye matoleo yanayotumika miaka miwili. Na baadaye ndo ikajulikana kwamba mradi uliokuwa unalinda sehemu kubwa ya intaneti ulikuwa unapata michango ya kama dola 2,000 kwa mwaka na mtu mmoja tu aliyeajiriwa muda wote, wakati makampuni yanayoutumia yanaingiza mabilioni. Usione vyaelea, vimeundwa, na wengi wa waliounda hawakuwa wanalipwa.

Kwangu mimi kesi inayoonyesha shida yote kwa pamoja ni ya xz mwaka 2024. Xz ni maktaba ya kubana data, ipo karibu kwenye kila Linux, na kwa miaka mingi ilitunzwa na mtu mmoja kwa muda wake wa ziada. Kuanzia 2021 ikatokea akaunti yenye jina Jia Tan, ikawa inatuma marekebisho mazuri ya kweli, sio ujanja ujanja. Wakati huohuo akaunti nyingine zisizojulikana zikaanza kumsukuma mwenye mradi kwamba yuko slo, kwa nini asimpe mtu mwingine, na yeye alishasema wazi kwamba hali yake sio nzuri na hii ni kazi ya kujitolea. Mwisho Jia Tan akapewa mamlaka ya kutoa matoleo ya mradi. Toleo la 5.6.0 na 5.6.1 zikatoka na mlango wa nyuma ndani, yaani njia ya siri ya kuingilia, vipande vimefichwa kwenye mafaili ya majaribio, na kile kinachovianzisha kikawekwa kwenye kifurushi cha kupakua tu, kwenye hifadhi ya msimbo hukioni. Na lengo halikuwa xz, lilikuwa SSH, njia ambayo watu wanaingilia kwenye seva zao. OpenSSH, programu ya SSH yenyewe, kwa asili haitumii xz kabisa, ni baadhi ya Linux zilizoiunganisha na systemd, programu inayosimamia huduma za Linux, systemd nayo ikaja na xz. Yaani waandishi wa OpenSSH waliangushwa na kitu ambacho hawakukichagua.

Aliyekamata ni Andres Freund, developa wa PostgreSQL, programu ya hifadhidata, ambaye alikuwa anapima mambo yake mengine akaona kuingia kwa SSH kunachelewa kama nusu sekunde na prosesa inakula kuliko kawaida, akachimba mpaka mwisho, na tarehe 29 Machi akatangaza. Hapa wapenzi wa programu huria wanasema umeona, msimbo ukiwa wazi makosa yanakamatwa, na ni kweli, kwenye programu iliyofungwa asingeweza kufika mbali. Lakini jamani, tuliokolewa na udadisi wa mtu mmoja! Huo sio mfumo wa kuutegemea.

Wale wa andika mwenyewe wananipa mfano wa SQLite, programu ndogo ya hifadhidata, na nauheshimu sana. Ipo toka 2000, ipo kwenye simu na brauza kila mahali, inaandikwa na watu wachache, michango ya msimbo kutoka nje kwa kawaida hawapokei, wameandika majaribio mengi kuliko programu yenyewe. Ila SQLite ina makampuni yanayoilipia kupitia muungano wao. Hiyo sehemu huwa inarukwa.

Siku hizi kuna na akili mnemba, kitu kidogo kama left-pad inakuandikia papo hapo, hilo ni zuri, japo nayo huwa inataja pakeji ambazo hazipo na wahuni wanaweza kuzisajili kwa majina hayohayo. Kwa vitu vigumu haijabadilisha chochote.

Mimi nikitaka kuazima maktaba sasa siangalii tu ina nyota ngapi za watu walioipenda mtandaoni, naangalia wanaoitunza ni wangapi, mara ya mwisho wamejibu lini, na wanalipwa na nani. Hilo la mwisho ndo gumu. Umoja wa Ulaya wamepitisha sheria mwaka 2024, majukumu yake makubwa yanaanza Desemba 2027, inayombana anayeuza bidhaa achunguze vipande alivyoazima, na akiona tundu la usalama amjulishe mtunzaji, na kama ameshatengeneza kirekebisho amtumie. Anayejitolea bila biashara hajabebeshwa huo mzigo, na naunga mkono kabisa. Wasiwasi wangu ni yule mtu mmoja ambaye kampuni kibao zitamwandikia siku hiyohiyo kuhusu tundu lilelile, kila moja inataka jibu. Sheria haijasema alipwe. Kampuni inayouza bidhaa juu ya kazi yake, pamoja na hicho kirekebisho, imtumie na hela.