Mkupuo au pensheni ya mwezi: mtumishi wa umma yuko tayari kustaafu lini?

Tangu kikotoo kipya, yaani kanuni ya kukokotoa mafao ya kustaafu, kianze kutumika tarehe 1 Julai 2022, mazungumzo ya kustaafu miongoni mwa watumishi wa umma wa Tanzania yamekuwa yakizunguka tarakimu moja, nayo ni asilimia ya mafao inayolipwa kwa mkupuo, yaani yote kwa mara moja. Kwa waliokuwa wanachama wa PSPF na LAPF, mifuko ya pensheni iliyounganishwa na mingine mwaka 2018 kuunda PSSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii kwa watumishi wa umma, asilimia hiyo ilikuwa 50, ikashushwa hadi 33, na katika bajeti ya mwaka 2024/25 Serikali ikaipandisha hadi 40. Malalamiko yana msingi, kama hesabu itakavyoonyesha. Hata hivyo, asilimia hiyo peke yake haimjibu mtu wa miaka 54 anayejiuliza kama anaweza kuacha kazi na bado akamudu maisha.

Tumchukue mwalimu wa sekondari aliyetumikia miezi 360, yaani miaka 30, na ambaye wastani wa mishahara yake bora ya miaka mitatu, ndani ya miaka 10 ya mwisho ya utumishi, ni shilingi 1,200,000 kwa mwezi. Kanuni hugawanya miezi yake ya utumishi kwa 580, kisha huzidisha kwa mshahara wa mwaka mzima, na hapo hupatikana pensheni kamili ya mwaka ya shilingi 8,937,931. Asilimia 40 ya kiasi hicho huzidishwa kwa 12.5 na kuwa mkupuo wa takribani milioni 44.7, asilimia 60 iliyobaki hugawanywa kwa miezi 12, naye hupokea kama shilingi 447,000 kila mwezi. Kwa kanuni ya zamani, iliyogawanya kwa 540 na kuzidisha kwa 15.5, mwalimu huyohuyo angepokea mkupuo wa milioni 74.4 na pensheni ya shilingi 400,000 kwa mwezi.

Kwa hiyo milioni 30 hivi zimepungua upande wa mkupuo, na shilingi 47,000 zimeongezeka upande wa mwezi. Nyongeza hiyo ingehitaji zaidi ya miaka 50 kufidia kilichoondoka. Anayesema kwamba fedha zimehamishwa tu kutoka fungu moja kwenda jingine hasemi kweli yote. Upande wa mifuko nao una hoja, kwa kuwa kanuni ya zamani ilitoa ahadi kubwa kuliko uwezo wa michango ya asilimia 20 ya mshahara, na mzigo uliongezwa na watumishi ambao hawakuwa wakichangia kabla ya 1999 lakini walistahili kulipwa. Hoja hiyo inaeleza kwa nini mabadiliko yalifanyika. Haimpunguzii anayestaafu sasa hata shilingi moja ya gharama zake.

Mjadala wa 33 dhidi ya 40 ni wa namna nyingine, na huo ndio unaohusu zaidi uamuzi wa mtu binafsi. Kwa mwalimu wetu, kutoka 33 hadi 40 kunampa milioni 7.8 zaidi siku ya kwanza na kumpunguzia shilingi 52,000 kila mwezi. Ukigawanya unapata miezi 150, yaani miaka 12 na nusu. Atakayefariki kabla ya hapo amefaidika na mkupuo mkubwa. Atakayeishi zaidi ya hapo, bila kuziwekeza zile milioni 7.8, amepata hasara. Aliyestaafu akiwa na miaka 60 angefika ukomo huo akiwa na 72 na nusu. Wastani wa umri wa kuishi unaotajwa mara kwa mara kwenye mijadala huhesabiwa tangu kuzaliwa na hushushwa na vifo vya watoto wachanga, kwa hiyo hausemi mengi kuhusu mtu aliyekwisha kufika 60.

Wanaotetea mkupuo wana jibu zuri hapa. Ili milioni 7.8 zirudishe shilingi 52,000 kwa mwezi bila kugusa mtaji, zinahitaji faida ya asilimia 8 kwa mwaka, na hatifungani za Serikali za muda mrefu, yaani fedha ambazo mtu huikopesha Serikali kwa riba, zimekuwa zikilipa riba ya zaidi ya asilimia 10 katika miaka ya karibuni. Kwa hesabu tupu, mstaafu anayenunua hatifungani kupitia Benki Kuu anaishinda pensheni na bado mtaji wake hubaki kwa warithi, ilhali pensheni ya mwezi humhusu mstaafu mwenyewe na malipo ya wategemezi baada ya kifo chake yana ukomo. Sina hoja ya kuipinga hesabu hiyo.

Ninachokitilia shaka ni kama fedha hizo huwa zinafika kwenye hatifungani. Mkupuo wa watumishi wengi wa Tanzania huwa umekwisha kugawanywa kabla haujalipwa: nyumba isiyoezekwa, ada ya mtoto aliye chuoni, baki ya mkopo wa benki, na ndugu wanaojua tarehe ya malipo kuliko mwenyewe. Kisha huja biashara asiyoijua, iwe kuku au daladala, na matapeli ambao huwatafuta wastaafu kwa makusudi. Si yote haya ni matumizi mabaya. Kuezeka nyumba huondoa kodi ya pango ya kila mwezi, na kulipa mkopo wenye riba ya asilimia 15 kuna faida kuliko hatifungani yoyote ya asilimia 12. Lakini anayepima utayari wake anapaswa kwanza kutoa kwenye milioni 44.7 kila kiasi kilichokwisha kuahidiwa, na kinachobaki ndicho mtaji wake halisi.

Baada ya hapo kipimo kinachofaa ni pengo la mwezi. Mwalimu wa mshahara wa 1,200,000 asiye na mkopo hupeleka nyumbani takribani 900,000 baada ya kodi na makato, kwa hiyo pensheni ya 447,000 inamwachia nusu ya kipato alichokizoea. Aliyekopa hadi mpaka unaoruhusiwa, akabakiwa na theluthi ya mshahara, anaishi kwa 400,000, na akistaafu bila deni kipato chake kitaongezeka. Hali hii ya pili, inayoonekana kuwa mbaya zaidi, ndiyo inayomfanya mtu awe tayari mapema, mradi mkopo uishe kabla ya siku ya kustaafu na usihamie kwenye mkupuo.

Mambo mawili hubadilisha hesabu hii polepole. Mfumuko wa bei ukiwa asilimia 3 tu kwa mwaka, kama ulivyokaribia kuwa miaka ya karibuni, shilingi 447,000 ya leo itakuwa na uwezo wa 287,000 baada ya miaka 15 ikiwa pensheni haitahuishwa. La pili ni matibabu. Mtumishi aliyekuwa mwanachama wa NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, huendelea kutibiwa pamoja na mwenza wake kwa masharti yaliyowekwa, lakini watoto na wazazi aliokuwa akiwahudumia kwa kadi yake wanahitaji mpango mwingine, na gharama yao inapaswa kuingizwa kwenye bajeti ya mwezi tangu mwanzo.

Linabaki swali la kustaafu kwa hiari katika miaka 55 au kungoja 60 ya lazima. Mwalimu wetu akiondoka na miezi 300 badala ya 360, mkupuo unapungua kwa milioni 7.4 na pensheni kwa shilingi 74,000 hivi kwa mwezi, mbali na mishahara ya miaka mitano anayoiacha. Mwenye shamba au biashara inayomwingizia kipato tayari anaweza kuimudu hasara hiyo, hasa kama afya inamdai apumzike. Anayetarajia kuanza biashara kwa mkupuo angoje.

Na kuna kundi ambalo halipaswi kuharakisha hata likiwa na kipato kingine, nalo ni waliopandishwa daraja karibuni. Kwa kuwa kanuni hutumia wastani wa miaka mitatu bora, nyongeza ya mshahara ya shilingi 200,000 iliyodumu miaka mitatu kamili, kwa mtu mwenye miezi 360, ina uzito sawasawa na miaka mitano ya utumishi kwa mshahara wa awali. Akiondoka mwaka mmoja baada ya kupanda, anaondoka na theluthi tu ya uzito huo.