Ukibatizwa tena, ule wa kwanza ulikuwa nini?

Huu mjadala wa ubatizo wa utotoni na ubatizo wa maji mengi huwa unawaka zaidi vijana wawili wanapotaka kuoana. Binti ni Mlutheri, kabatizwa akiwa mchanga, kapata kipaimara, anaimba kwaya, mchumba wake ni Msabato au yuko kanisa la kilokole, na wazee wa upande wa kijana wanasema ndoa haifungwi mpaka huyu dada abatizwe. Akisema mbona nilishabatizwa anajibiwa ule haukuwa ubatizo, ulilowanishwa kichwa tu. Wazazi wa binti wakikasirika wanaonekana watu wa mapokeo wasiosoma Biblia, na mi nadhani hawa wazazi wanasikilizwa kidogo mno.

Upande wa maji mengi una hoja nzito, tusijidanganye. Marko 16:16 inasema "Aaminiye na kubatizwa ataokoka", kuamini kunatajwa kwanza. Yule towashi wa Kushi kwenye Matendo 8 anafundishwa Maandiko ndo anashuka majini na Filipo. Hakuna mstari kwenye Agano Jipya unaosema waziwazi kichanga fulani kilibatizwa, tuna nyumba nzima zilizobatizwa kama ya Lidia na ya yule askari wa gereza kule Filipi, ila waliokuwemo humo umri wao hatuambiwi. Tertullian wa Karthago, mwandishi Mkristo wa Afrika ya Kaskazini, kama mwaka 200 hivi, alishauri watoto wangoje mpaka waweze kumjua Kristo. Karl Barth mwenyewe, mwanateolojia Mswisi wa kanisa linalobatiza watoto, mwaka 1943 alisimama akaupinga ubatizo wa watoto wachanga. Na watu walishakufa kwa jambo hili: Januari 1527 Felix Manz alizamishwa mto Limmat pale Zürich mpaka akafa, kosa lake kubatiza watu wazima waliobatizwa utotoni, na waliomuua walikuwa Waprotestanti wenzake. Walutheri walikuja kuomba msamaha kwa mateso ya aina hiyo, mwaka 2010 kule Stuttgart, wakiwaomba Wamennonite, warithi wa watu kama Manz, hawahawa ambao kwetu wako Mara tangu 1934 walipoanzia Shirati. Kwa hiyo anayewaita watu wa maji mengi wazushi wa juzi hajui historia.

Na kuna jingine linaniuma maana ni kweli tupu. Ubatizo wa mtoto umegeuka shughuli. Baba wa ubatizo anachaguliwa kwa uzito wa mfuko, Imani ya Mitume anaibabaisha, ikitoka ibada ni keki na picha, halafu cheti kinaingia kwenye faili kusubiri maombi ya shule. Mtoto anakua hajawahi kuambiwa siku ile alifanyiwa nini. Mlokole akiuliza "huyu kweli ni Mkristo?" hatuna haki ya kumkasirikia.

Ila sasa tuingie kwenye kiini, maana watu wengi wanabishania kiasi cha maji na maji sio tatizo. Waorthodoksi wanazamisha vichanga mara tatu, mzima mzima, kwa hiyo unaweza kuwa na maji mengi na mtoto mchanga kwa pamoja. Na Didake, moja ya maandishi ya zamani kabisa ya Kikristo nje ya Biblia, inataka maji yanayotiririka, lakini yakikosekana inaruhusu kumimina kichwani mara tatu. Kinachogombaniwa ni nani anayetenda pale kwenye maji. Kwa ndugu zetu wa maji mengi anayesema ni mwamini, anatangaza mbele ya watu kwamba amekufa na kufufuka na Kristo. Kwa Mkatoliki, Mlutheri, Mwanglikana, Mmoraviani, anayetenda kwanza ni Mungu, mtu anapokea, na imani inaendelea kuipokea ile zawadi maisha yote.

Ukitaka kuliona hili vizuri nenda wodi ya watoto njiti. Mtoto ana kilo moja na ushee, kapigwa mipira puani, daktari ameshamwambia mama ajiandae kwa lolote. Kwa Wakatoliki hata kwa Walutheri, padri au mchungaji asipokuwepo na hali ni ya hatari mtu mwingine anaweza kubatiza, basi nesi anachukua maji kidogo, anamimina kichwani, anasema nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Imeisha. Mtoto akipona atapelekwa kanisani kukamilishiwa ibada na kuombewa na waumini, ila maji hayarudiwi. Huyu mtoto hajaamua kitu, hajakiri kitu, hata kulia vizuri hawezi, na kanisa linasema Mungu amemshika na hilo halifutiki. Sasa akifika miaka ishirini na tano akaambiwa pale hapakutokea kitu kwa sababu hakuwa na akili ya kuelewa, mi nashindwa kabisa kulimeza, maana ni kama neema ilikuwa mlangoni inasubiri akili zake zikomae. Wenzetu wanajibu mtoto wa hivyo anaokolewa na rehema za Mungu hata bila maji, ndo maana wao wanawaweka watoto wakfu kama Yesu alivyowabariki. Jibu zuri, la upendo. Lakini kama rehema inamfikia bila yeye kujua, kwa nini ishara ya rehema hiyohiyo imkatae?

Halafu fuatilia inakoenda. Ubatizo ukisimama juu ya ukweli wa imani yangu siku ile, nitajuaje kama imani ile ilitosha? Wapo watu wamezamishwa mara mbili na tatu, wakihama huduma wanaambiwa kule hukuokoka sawasawa, wakianguka dhambini wakarudi wanaanza upya. Wenzetu wenye msimamo safi hawafundishi hivyo, wao wanasema ule wa utotoni haukuwa ubatizo kwa hiyo hawarudii kitu, na kimantiki wako sawa. Ila huku mtaani ndo kinachotokea. Kanisa lilishapambana na jambo la jinsi hii Afrika ya Kaskazini, na mwaka 314 mtaguso wa Arles, yaani mkutano wa maaskofu uliokaa Ufaransa ya leo, ukaamua aliyebatizwa kwa Utatu, hata na kundi lililojitenga, asibatizwe tena. Ndo maana leo Mlutheri akihamia Katoliki anapokelewa bila maji mapya. "Bwana mmoja, imani moja, ubatizo mmoja", Waefeso 4:5.

Aliyeguswa na Mungu ukubwani anahitaji mahali pa kusema, hilo nakubali. Wakatoliki kwenye mkesha wa Pasaka wanarudia ahadi za ubatizo wameshika mishumaa, wananyunyiziwa maji, na sharika zetu zingeweza kumpa mtu kama huyu nafasi ya kusimama mbele ya watu akalikiri lile alilofanyiwa akiwa mchanga. Na kwa yule binti wa kwaya, mchungaji wa kijana aende kwanza nyumbani kwao, akae na baba na mama, awaambie usoni kwamba kwa mafundisho yake mtoto wao hajawahi kubatizwa, awasikilize wakijibu, na binti aamue kadi za harusi zikiwa bado hazijachapishwa.