Nyuzi 27 na Tambi Moja

Mashindano yetu ya mashua za tanga, kutoka Newport, Rhode Island, Marekani, mpaka kisiwa cha Bermuda, ni maili 635 za baharini, na njiani unaukata Gulf Stream, mkondo wa maji ya vuguvugu uendao kaskazini-mashariki kwa noti 3 (maili 3 za baharini kwa saa), pengine 4. Ukiuingia ukiwa magharibi ya mstari wako ulionyooka wa kwenda Bermuda, unakurudisha njiani bure. Ukiuingia mashariki, saa 8 za kuuvuka kwa noti 3 zinakutupa maili 24 kando, na kwa pepo za kusini-magharibi za Juni, kuzirudisha ni kubisha, yaani kwenda zigizaga dhidi ya upepo, mpaka ulaani mashindano.

Sasa, mkondo haubandikiwi kibao. Mawingu yalikuwa yameziba picha za satelaiti, na kipimajoto cha chini ya mashua kilikuwa kimekufa. Ikabaki ndoo. Kuchota kuna adabu yake: unairusha mbele, mbali na bomba la jikoni, unaisuuza mara mbili, unatia kipimajoto papo hapo kabla upepo haujayapoza maji. Msoma ramani wetu, saa nane za usiku, akachota kidogo, mara moja, bila kusuuza. Akamulika. Nyuzi 27!

"Tumeingia!" Waliolala wakakurupuka, mmoja kavaa jaketi la kuokolea kichwa chini miguu juu. Amri ikatoka: omo (mbele ya mashua) kusini-mashariki, mkondo utatubeba.

Nilikuwa kwenye usukani. Wimbi likanichapa usoni, baridi ya kung'atanisha meno. Kwenye skrini, omo ilielekea nyuzi 150 za dira na GPS ikasema twaenda 150 hiyo hiyo. Noti 7 majini, noti 7 juu ya ardhi. Mkondo gani usiosukuma?

Mwenzangu wa Mombasa, kwenye winchi, akapenga kamasi. "Ami, maji ya moto gani haya?"

Akaifuata ndoo, akaimulika. Juu ya maji ilielea tambi. Moja, imejikunja, imeiva vizuri. Kumbe zamu ya jikoni ilichujia chakula humo, maana mashua ikilala upande sinki hutapika, na maji ya moto yakaachwa kwenye kitako cha ndoo.

Tukarudisha omo, ila mashariki tulishasogea.

Alfajiri bahari ikageuka buluu nzito, mwani ukaelea mistari mistari, na GPS ikaanza kutofautiana na omo kwa nyuzi 20 za dira na zaidi. Ndoo ikachotwa: 26. Msoma ramani akafungua kinywa.

"Subiri," nahodha akamkata, "kwanza tuipekue."